Kihesabio Hakioni Wino

Taa mbili zinawaka kwa kupokezana, na printa imegoma. Tangi za wino zimejaa, karatasi zipo, waya umechomekwa vizuri. Kwa mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Edward, mgomo huu ni hasara kubwa: vipuri na mafundi hupatikana katika mji wa Butembo, juu milimani, na safari ya huko si ya kila siku. Wengi huamua kwamba mashine imekufa. Mara nyingi bado ni nzima.

Kichwa cha printa kina mamia ya matundu madogo mno. Katika printa za Epson, kila tundu lina kifuwele kinachojikunja kikipata umeme, tabia iliyothibitishwa na ndugu Pierre na Jacques Curie mwaka 1881. Kikijikunja, kinarusha tone la pikolita chache tu. Pikolita bilioni moja ndizo mililita moja. Tundu dogo hivyo huzibwa upesi na wino uliokauka, ndiyo maana printa hujisafisha: pampu hufyonza wino kupitia kichwani na kuumwaga kwenye vipande vya feliti, kitambaa kinene cha kufyonza, vilivyo chini au nyuma ya mashine.

Wino huo ni maji kwa sehemu kubwa, pamoja na rangi na glaikoli, kimiminika kisichokauka upesi. Maji hupotelea hewani taratibu, lakini rangi na glaikoli hubaki, na feliti hujaa. Isipobadilishwa, wino hufurika hadi kwenye meza, au mbaya zaidi, kwenye sehemu za umeme. Hatari hiyo ni ya kweli.

Lakini printa nyingi za bei nafuu hazina kifaa cha kupima unyevu wa feliti. Zina kihesabio ndani ya chipu ya kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Kila usafishaji huongeza namba, na namba ikifika kikomo, mashine hujifunga. Ni kama mita ya pikipiki: inajua kilomita, haijui tairi limelika kiasi gani.

Kwa hiyo tiba ina sehemu mbili zisizotengana. Ukibadilisha feliti bila kurudisha kihesabio sifuri, printa itaendelea kugoma. Ukirudisha sifuri kwa programu ya kompyuta na kuziacha feliti zilizolowa, umeficha onyo tu, na wino utafurika siku usiyoitegemea. Fundi anayefanya la pili peke yake amekuuzia nusu ya kazi. Programu yenyewe ipatikane kwa mtu unayemwamini, kwani nakala za bure huweza kubeba virusi.

Wengine huosha feliti kuukuu, huzianika na kuzirudisha. Zikikauka kabisa huweza kufyonza tena, ila maji ya kuoshea yasimwagwe ziwani. Kijiji kinaishi kwa samaki wa maji hayohayo.

Kinga haina gharama. Anayetumia jenereta au sola huzoea kukata umeme kwenye soketi. Hapo kichwa huweza kubaki wazi, mbali na kifuniko chake cha mpira. Wino hukauka, usafishaji huongezeka, na feliti hujaa mapema. Zima printa kwa kitufe chake kwanza, ngoja taa izimike, ndipo ukate umeme.

Mnunuzi naye ana sauti. Mwaka 2017 nchini Ufaransa, chama cha HOP, kinachopinga bidhaa kufanywa zichakae mapema, kilizishtaki kampuni za printa, kikidai zinafupisha makusudi maisha ya mashine, na waendesha mashtaka wakaanza kuichunguza Epson. Leo baadhi ya printa huwa na kisanduku cha wino mchafu ambacho mwenyewe hukichomoa na kuweka kipya, bila fundi wala programu. Kabla ya kulipa dukani Butembo, uliza kama printa unayoitaka inacho, na kama kisanduku kipya kinapatikana hapohapo. Kwa anayeishi mbali na fundi, swali hilo lina uzito zaidi kuliko kasi ya kuchapa.