Msuguano: Adui na Mlinzi

Mtu aendeshaye baiskeli kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa hupambana na msuguano, na papo hapo huutegemea. Msuguano ni kani inayopinga mwendo wa kitu kinachoteleza juu ya kingine. Nyuso mbili, hata zikionekana laini, zina miinuko midogo mno inayoshikana zinapogusana.

Katika mnyororo na gololi za magurudumu kani hii ni hasara, kwani hula chuma na kumchosha mwendeshaji. Kwa hiyo hupunguzwa kwa mafuta au grisi. Ardhi ya Wilaya ya Ruangwa ina kilainishi kingine, nacho ni madini ya kinywe, yatumikayo pia katika penseli. Kinywe ni kaboni iliyojipanga katika matabaka membamba. Atomu za tabaka moja zimeshikana kwa nguvu, lakini matabaka yenyewe hushikana kidogo tu. Hivyo huteleza moja juu ya jingine, na penseli huacha alama karatasini.

Kwenye breki, hata hivyo, msuguano ni mlinzi wa maisha. Mafuta au maji ya mvua juu ya rimu huupunguza, na baiskeli huchelewa kusimama. Tena, kani ya breki ikiwa ile ile, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Basi mnyororo na upakwe mafuta, rimu ifutwe, na mteremko wenye matope ushukwe polepole.