Leseni ya rubani binafsi: je, inamlipa mfanyabiashara wa Mkuyuni?

Daraja la JPM lilipofunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, hoja ya mfanyabiashara wa Mkuyuni, Mwanza, kurusha ndege mwenyewe ilipungua nguvu. Zamani kwenda Sengerema au Geita kulimaanisha foleni ya pantoni. Sasa gari linavuka kilomita tatu hivi juu ya maji, na ndege ndogo haiwezi kushindana na hilo.

Imebaki Bukoba. Kukata ziwa moja kwa moja ni kama kilomita 175, ambazo Cessna 172, ndege ya viti vinne inayotumika sana kufundishia, huzimaliza kwa takriban saa moja. Ila ina injini moja, na ikizimika katikati ya ziwa hakuna shamba la kutua. Mimi ningefuata ufukwe, hata kama unaongeza mafuta.

Leseni yenyewe, kwa viwango vya kimataifa, inataka umri wa miaka 17, cheti cha afya na saa zisizopungua 40 angani. Kati ya hizo, 10 unaruka peke yako, ikiwemo safari ya kilomita 270 yenye kutua viwanja viwili. Mwanza, Bukoba, Chato na kurudi ingetosha. Wengi huzidisha hizo 40, na kila saa inalipiwa: ndege, mkufunzi, mafuta. Anayekwenda kusomea Wilson, Nairobi, ambako kuna klabu ya marubani iliyoanzishwa 1927, aongeze chumba na chakula. Anayetaka ajira hutazama pia chuo cha urubani cha Soroti, Uganda.

Kabla ya kila safari mwanafunzi hukinga mafuta kidogo chini ya bawa kwenye kikombe angavu, aone kama yameingia maji. Avgas, petroli ya ndege ndogo, ni ya buluu. Maji hutuama chini.

Kinachosahaulika ni kwamba leseni ya rubani binafsi hairuhusu kutoza nauli. Muuza mabondo ya samaki anaweza kwenda mnadani na mkewe, lakini akimlipisha jirani amevunja sheria; kufanya hivyo kunahitaji leseni ya biashara, saa 150 hadi 200, na kampuni yenye kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).

Halafu kuna mafuta. Ndege za Cessna Caravan zinazohudumia kanda ya ziwa hutumia mafuta ya jeti, ambayo injini ya Cessna 172 ya kawaida haiyawezi. Anayepanga kuleta ndege ya mafunzo Mwanza aanze kwa kuulizia bei ya pipa la avgas, likiwa limeshafika uwanjani.