Kompyuta ya ami na sauti ya bibi: okoa vilivyomo kabla ya kufomati

MASKATI – Kiangazi kilichopita tuliitwa nyumbani kwa ami yetu, Al Khoudh, kwa sababu ya kompyuta. Aliinunua mwaka 2006, ile ya kusimama yenye sanduku kubwa, na hadi leo inatumia Windows XP ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia tangu Aprili 2014. Kila ikiwashwa ilifika kwenye maandishi meupe ya mwanzo, juu ya skrini nyeusi, ikakwama hapo hapo. Fundi mmoja aliyepigiwa simu alijibu bila ya kuiona: "Ileteni, tutaifomati, itakuwa kama mpya."

Ami hakutaka iwe mpya. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake.

Wasomaji wetu waliokulia baina ya Unguja na Maskati hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Baada ya mwaka 1964 familia nyingi ziligawika, na wengi waliingia Oman kuanzia mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka. Simu ilikuwa ghali. Bibi alibaki Ng'ambo, na kwa kuwa kuandika hakukumjia kwa wepesi, alizungumza kwenye kaseti na kumpa msafiri: nani kaoa, nani kafariki, mwembe wa uani umezaa au haukuzaa. Kaseti hizo ami alizihifadhi nyumbani kwake, wakati huo akikaa Qurum, hadi Juni 2007 kimbunga Gonu kilipoipiga Maskati na maji yakaingia ndani. Zilizopona alizihamishia kwenye kompyuta, rekodi 31 kwa jumla, na kaseti zenyewe zikaota ukungu zikatupwa. Nakala nyengine haikuwepo.

Basi tulianza na swali ambalo kila mwenye kompyuta ya zamani angelianza nalo kabla ya kumwita fundi: imekwama wapi hasa? Kompyuta inapowashwa, kwanza huamka programu ndogo iliyomo kwenye madabodi, inayoitwa BIOS. Hiyo hukagua kumbukumbu, kibodi na diski. Ikiridhika ndipo humkabidhi Windows kazi. Kwa hiyo ikikwama kabla ya nembo ya Windows kutokea, kufomati mara nyingi hakusaidii kitu, kwani Windows yenyewe bado haijaguswa.

Tulichomoa kila kisichohitajika: printa, spika, flashi iliyosahauliwa nyuma. Hili ni la kulifanya mwanzo kabisa na halina gharama, maana kompyuta za zamani nyengine hukwama kwa sababu zinajaribu kuamka kutoka kwenye flashi isiyokuwa na kitu cha kuamshia. Haikuwa hiyo. Ndipo tukasogea tukayasoma yale maandishi meupe, jambo ambalo, tukubali, hakuna mtu nyumbani aliyekuwa amelifanya. Yalisema saa ya kompyuta imepotea, na kwamba ubonyezwe F1 ili kuendelea.

"Nimeibonyeza hiyo mpaka kidole kimeuma," ami alisema.

Alikuwa akisema kweli. Kwenye madabodi kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS. Betri ikifa, mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani, na katika baadhi ya madabodi za miaka ile mpangilio wa kiwandani hauitambui kibodi ya USB mpaka Windows iamke. Kompyuta ilikuwa inasubiri kibonyezo, na kibodi ilikuwa haisikiki! Haikuganda hata kidogo. Tuliomba kwa jirani kibodi ya zamani yenye plagi ya duara, tukabonyeza F1 mara moja, ikaendelea.

Na kwa nini betri ilikufa? Kwa sababu ya uangalifu. Ami ni katika wazee wanaozima kila kitu ukutani, na kompyuta yenyewe huiwasha Ramadhani na Idi tu. Maadamu plagi ina umeme, betri hiyo haifanyi kazi kubwa. Ikizimwa ukutani ndiyo inayobeba saa peke yake, mwaka hadi mwaka. Betri mpya haikufika hata rial moja.

Tungependa kusema mambo yalimalizikia hapo. Nembo ya Windows ilitokea, kile kimstari chake kikatembea, kikatembea, dakika kumi, robo saa. Kutoka ndani ya sanduku tukasikia mgongo mdogo wa chuma: tk, tk, tk.

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza vitu vyao. Sauti hiyo ni ya diski kuu inayojaribu kusoma mahali pamoja na kushindwa, na kila ukizima na kuwasha unaitesa zaidi. Zipo programu za kukagua na kurekebisha diski, nazo ni nzuri kwa diski nzima iliyochafuka mafaili. Kwa diski inayougua mwili wake zinaweza kuwa ndiyo pigo la mwisho. Mtoto mmoja wa nyumba alipendekeza iwekwe kwenye friza, kama alivyosikia kwa wenzake. Tulimwomba akumbuke miwani yake inavyofanya ukungu anapotoka kwenye kiyoyozi kwenda nje mwezi wa Agosti. Diski iliyotoka kwenye friza hufanya ukungu huo huo, juu yake na pengine ndani.

Tulizima, tukachomoa waya wa umeme, tukafungua ubavu wa sanduku. Vumbi lililokuwemo lilikuwa kama sufi. Hilo nalo kwa mji wetu, wenye joto linaloweza kupita nyuzi 45, ni maradhi peke yake: feni ikijaa, prosesa hupata joto na kompyuta huganda baada ya kuwaka dakika chache. Lisafishwe kwa brashi laini, na feni ishikwe isizunguke. Aidha tuliangalia zile kapasita zinazofanana na makopo madogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyingi zilitoka viwandani zikiwa mbovu, na zikivimba kichwani ndiyo dalili. Za ami zilikuwa sawa. Ila kile kisanduku cha umeme chenye feni yake msikifungue kabisa, kwani huweza kubakisha umeme hata baada ya kuchomolewa.

Diski tuliichomoa na kuiunganisha kwenye kompyuta nyengine kwa waya wa SATA kwenda USB, unaopatikana kwa wauzaji wa vifaa vya kompyuta. Kompyuta za zamani zaidi, zenye waya mpana kama utepe, zinataka waya wa IDE; angalieni kabla ya kununua. Mara Windows ya kompyuta ile ikatuuliza kama tunataka kuifomati diski. Swali hilo limepoteza picha za harusi nyingi. Jibu ni hapana, kila mara.

Hatukunakili folda nzima, kwa sababu faili moja bovu linaweza kusimamisha safari ya yote. Tulichukua rekodi moja moja, tukianza na zile ambazo ami alizitaja kwa kumbukumbu yake. Usiku wa kwanza zilitoka 28. Tukaiacha diski ipumzike ipoe, na kesho yake zikatoka 2. Moja ilikataa.

Walioko nyumbani wana mtihani wao mwengine, nao ni umeme. Zanzibar ilikaa gizani takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, na umeme unaokatika ghafla humkuta Windows katikati ya kuandika. Kompyuta ikikwama baada ya mkato wa aina hiyo, na diski haipigi kelele, kwenye Windows XP na 7 bonyezeni F8 mfululizo inapoanza, mchague hali ya usalama. Mara nyingi huamka. Umeme ukikatika chomoeni plagi, na ukirudi subirini kidogo kabla ya kuirejesha.

Tunayasema haya sasa kwa sababu Windows 10 nayo iliondolewa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi nzima zinawekwa kando au kupakiwa kwenye makontena kupelekwa nyumbani. Kabla hazijafungwa, kaeni nazo jioni moja mtazame kilichomo.

Rekodi 30 za bibi sasa zimo kwenye diski mbili, moja Al Khoudh na moja kwa binti yake ami aliyeko Uingereza. Ile moja iliyokataa ami anaijua ni ipi: ni ya mwaka ambao mwembe ulikatwa. Diski mbovu ameifunga kwenye kitambaa akaiweka kabatini, na hataki tuitupe.