Kamati ya Maktaba Ipewe Kazi

Mwaka 1999, maktaba ya kijiji cha Kitengesa, karibu na Masaka nchini Uganda, ilikuwa sanduku tu la vitabu lililotunzwa katika shule ya sekondari. Mwaka 2002 ikapata jengo lake. Fedha za ujenzi zilitoka nje, ila kazi ya kila siku ilishikwa na wenyeji: wanafunzi walihudumu maktabani, nao wakalipiwa karo.

Huko Zimbabwe, mradi wa maktaba za vijijini ulioanza mwaka 1990 ulipeleka vitabu wilayani Nkayi kwa mikokoteni ya punda. Barabara ni mbovu, magari ni adimu, lakini punda na wachungaji wake wapo kijijini. Maktaba zenyewe zilikabidhiwa kamati za wanakijiji.

Shule nyingi za Afrika Mashariki nazo zina kamati ya maktaba, angalau kwenye karatasi. Majina hubandikwa ukutani, kikao kimoja hufanyika, kisha mkutubi huachiwa mzigo wote. Vitabu vikipotea, lawama ni zake. Bajeti ikigawanywa, hayumo chumbani.

Hapo ndipo kamati inapohitajika. Mwalimu wa sayansi akae humo, na wa lugha, mzazi, mhasibu na wanafunzi wawili. Mkutubi awe katibu, maana yeye ndiye mwenye rejista. Rejista hiyo inaonyesha vitabu gani vinagombaniwa na vipi havijaguswa tangu vifike. Mwenyekiti akiingia nayo kwenye kikao cha bajeti, ombi la nakala zaidi za vitabu vya kiada lina ushahidi.

Kila mjumbe apewe jukumu lake kati ya kikao na kikao. Walimu wakusanye orodha ya vitabu kutoka idara zao kabla ya bajeti kufungwa. Mzazi afuatilie vitabu vilivyobaki majumbani. Wanafunzi waulize wenzao kama saa za kufungua zinawafaa. Maktaba inayofungwa kengele ya mwisho ikilia haimsaidii anayeshinda darasani.

Kamati ipange pia kanuni za misaada, ili shule iweze kukataa kwa adabu vitabu chakavu au vya mitaala ya nchi nyingine. Uainishaji, upangaji wa rafu na uazimishaji vibaki mikononi mwa mkutubi. Kikao kimoja kila muhula kinatosha, mradi kianze kwa kusoma kumbukumbu za kilichopita na kumuuliza kila mjumbe kazi yake imefikia wapi.