Kosa la Kedi Huandikwa kwa Mchezaji



Wengi wetu tunauona mchezo wa gofu kwa mbali tu. Lakini mahali kama Kericho, nchi ya chai huko Kenya, kedi anayebeba mfuko wa fimbo ni mtu kama sisi: anauza nguvu zake kwa ujira wa siku. Yafaa tujue sheria zinasema nini juu yake.

Sheria za gofu hutungwa na R&A ya St Andrews, Scotland, pamoja na USGA ya Marekani. Sheria ya 10 ndiyo inayohusu kedi.

Kwanza, mchezaji huruhusiwa kedi mmoja tu kwa wakati mmoja. Kedi huyo aweza kubeba fimbo, kutafuta mpira, kusawazisha mchanga, kushika bendera na kumpa bwana wake shauri juu ya pigo.

Pili, wachezaji wanaoshindana hawaruhusiwi kupeana shauri. Kumsaidia mwenzako kutafuta mpira ni halali. Muda wake ni dakika 3 tangu mwaka 2019, zamani zilikuwa 5. Kumtajia umbali wa shimo ni halali pia. Kumwambia atumie fimbo gani ni kosa. Kedi akimpa shauri mchezaji asiye wake, anayeadhibiwa ni bwana wake.

Tatu, tangu mwaka 2019 kedi haruhusiwi kusimama nyuma ya mpira, kwenye mstari wa pigo, mchezaji anapoanza kujipanga kupiga. Kwa kawaida adhabu ya makosa haya ni mapigo 2, au kupoteza shimo ikiwa wawili wanashindana shimo kwa shimo.

Tazameni mfano. Mwaka 2001, huko Royal Lytham, Uingereza, Ian Woosnam wa Wales aliingia siku ya mwisho ya shindano la Open akiwa miongoni mwa walioongoza. Mwisho wa fimbo ni 14, lakini mfukoni mwake zilikuwamo 15. Jambo hilo liligunduliwa kwenye shimo la pili. Kuhesabu fimbo ilikuwa kazi ya kedi, lakini mapigo 2 yaliandikwa kwenye kadi ya Woosnam. Naye hakumfukuza kedi wake siku ile.

Basi sheria ni wazi: anayemtuma mtu kazi ndiye anayejibu kwa kazi hiyo. Lakini sheria hiyo haisemi neno lolote juu ya ujira. Hapo ndipo kedi anapoumia, mchezaji aliyeshindwa anapomkata fedha kwa hasira.

Tunawashauri ndugu zetu makedi hivi: jifunzeni sheria, hesabuni fimbo kabla ya kuanza, pataneni ujira mapema mbele ya msimamizi wa makedi. Tena msiende mmoja mmoja. Mfuko hubebwa na mtu mmoja, lakini haki hudaiwa na wengi.