Jicho Lililoumia na Hatari ya Pepopunda



Mara nyingi majeruhi hufika kituoni kwetu kabla ya kufika hospitalini, kwa kuwa amepigwa au ameanguka na bodaboda, naye anataka fomu ya PF3. Fomu ataipata. Jicho lakini lisisubiri fomu, atibiwe kwanza.

Katika mashamba ya miwa ya upande wa Kakira, jani la muwa huweza kumkwaruza mkataji jichoni, naye akalifikicha kwa mkono wenye udongo na kuendelea na kazi. Mkwaruzo wa juu juu ni nadra sana kuleta pepopunda, wala hatutaki kumtia mtu hofu bure. Tunachokihofia ni kitu kilichotoboa jicho, au jeraha la kope lililoingiwa na udongo au samadi, kwani humo ndimo vijidudu vya pepopunda hudumu kwa miaka. Dalili huanza aghalabu kati ya siku ya 3 na ya 21, pengine kidonda kimekwisha kufunga: taya hukaza, shingo hukakamaa, kumeza hushindikana. Jeraha likiwa la usoni, upande mmoja wa uso huweza kulegea kwanza, na jamaa wakadhani amerogwa.

Vumbi likiingia, suuza kwa maji safi mengi. Jicho lililotobolewa lisisuuzwe, na kilichochoma kisichomolewe; lifunikwe bila kukandamizwa, mgonjwa apelekwe hospitali ya rufaa ya Jinja au ya Mbale, iliyo karibu. Mkojo, maziwa ya mama na majani yaliyopondwa visitiwe kabisa.

Mwaka 2011 Uganda ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga, kwa sehemu kubwa kwa kuwachanja wanawake. Mwanamume, ambaye hana kliniki ya wajawazito, huweza kufikia miaka 40 akiwa na sindano za utotoni tu, za wiki ya 6, 10 na 14, kama alizipata. Kwa jeraha chafu, chanjo huongezwa ikiwa miaka 5 imepita tangu ya mwisho; kwa jeraha safi, miaka 10. Hata aliyeugua akapona huchanjwa, maana ugonjwa huu hauachi kinga.

Anayevuka mpaka na achukue kadi yake ya chanjo pamoja na kitambulisho. Muuguzi wa ng'ambo hana daftari la Mafubira.