Kumtoa mchezaji uwanjani si kumwaibisha

Wahenga walituachia methali kwamba mvumilivu hula mbivu, nasi walimu wa michezo tumeitwaa tukaigeuza kiboko. Mchezaji akichechemea, twamwambia avumilie. Akishika magoti akitafuta pumzi, twamwambia avumilie. Akigongwa kichwani akayumba kama mlevi, mashabiki humshangilia kwa ushujaa wake, nasi kandokando ya uwanja twapiga makofi. Twasahau kuwa wahenga hao hao ndio waliotuonya kwamba ngoma ikilia sana hupasuka.

Nimefunza raga katika shule za upili kwa zaidi ya miaka ishirini, na makala haya nayaandika kwa sababu nina deni. Deni hilo nitalieleza baadaye. Kwanza namwomba msomaji anifuate hadi Uingereza na Australia, ambako aina moja ya raga imeng'ang'ana kwa miaka mingi na swali ambalo sisi hatujalijibu: mchezaji wa mbele atolewe lini, na ni nani wa kuamua?

Aina hiyo ni raga ya ligi, iliyozaliwa mwaka 1895 mjini Huddersfield, pale vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vilipojitenga na chama kikuu kwa sababu ya mzozo kuhusu kuwafidia wachezaji, wengi wao wakiwa vibarua wa viwandani na migodini, mishahara waliyoikosa kwa kuacha kazi ili wacheze. Haifanani sana na hii yetu ya wachezaji 15 au saba. Huchezwa na watu 13 kila upande. Mwenye mpira akiangushwa huinuka na kuurudisha nyuma kwa mguu, mchezo ukaendelea. Timu ikishaangushwa mara sita huukabidhi mpira kwa wapinzani. Na kila mtu anapoangushwa, walinzi hutakiwa warudi nyuma mita 10 kabla ya kusonga mbele tena.

Hebu mwanafunzi anayesoma makala haya aitafakari kazi hiyo. Mchezaji wa mbele, mtu wa kilo 100 na ushei, hukimbia mita chache kwa nguvu zake zote, akagongana na mwenzake mwenye uzito kama wake, wakashikana mieleka mpaka chini, akainuka, akakimbia kinyumenyume mita 10, kisha akaanza upya kabla pumzi haijamrudia. Katika mechi moja ya dakika 80 anaweza kuwaangusha wapinzani zaidi ya mara 30, mbali na zile mara ambazo yeye mwenyewe huangushwa. Ndiyo maana wachezaji wengi wa safu ya mbele kabisa hawachezi dakika zote 80. Hucheza dakika 20 au 25, wakapumzishwa, kisha wakarudishwa baadaye.

Hapo pana funzo la kwanza kwetu. Taifa letu limepata sifa kwa wakimbiaji wa masafa marefu, na kwa sababu hiyo tumeamini kuwa siha ni kitu kimoja tu, nayo ni pumzi ya kukimbia mbali. Nimeziona shule ambako timu nzima ya raga huamshwa alfajiri ikakimbizwa kilomita 10 barabarani, wembamba na wanene pamoja, na anayebaki nyuma huitwa mvivu. Lakini kijana wa mstari wa mbele hahitaji kukimbia kilomita 10 bila kusita. Anahitaji kuanguka na kuinuka mara 30, na mara ya 30 ainuke kama alivyoinuka mara ya kwanza. Mazoezi yanayomfaa ni yale yanayofanana na kazi yake: mbio za mita 10 au 20, kuangusha, kushikana mieleka, kuinuka, kurudi nyuma, kupumzika kidogo, kisha kurudia. Tena anahitaji shingo, mabega na mapaja yenye nguvu, maana hizo ndizo boriti za nyumba yake.

Funzo la pili ni kwamba uchovu hauishii miguuni. Mchezaji aliyechoka husimama wima mno anapokwenda kuangusha mtu. Huchelewa nusu hatua. Kichwa, ambacho alifundishwa akiweke nyuma ya mapaja ya mpinzani, hukiacha mbele, pale magoti na nyonga zinapopita. Kwa hiyo anayeachwa uwanjani baada ya nguvu kumwishia hakuwa tu mzigo kwa timu. Amekuwa hatari kwa nafsi yake na kwa wenzake.

Wenyewe wa raga ya ligi walichukua muda mrefu kulikubali hilo. Mwaka 1958 mjini Brisbane, nahodha wa Uingereza, Alan Prescott, aliyekuwa mchezaji wa safu ya mbele, alivunjika mkono katika dakika za mwanzo za mechi dhidi ya Australia. Siku hizo sheria haikuruhusu mchezaji wa akiba kuingia. Prescott alibaki uwanjani na mkono wake uliovunjika mpaka kipenga cha mwisho, na Uingereza ikashinda 25-18. Mwaka 1970 mjini Sydney, John Sattler, nahodha wa South Sydney, alivunjwa taya mapema katika fainali dhidi ya Manly. Alicheza hadi mwisho, na timu yake ikashinda 23-12. Watu hawa wawili wangali wakitajwa kwa fahari katika nchi zao.

Sibezi ujasiri wao. Ninachosema ni kwamba hadithi zao zimesimuliwa nusu. Prescott hakuchagua baina ya kutoka na kubaki huku mwenzake akisubiri kumpokea. Alichagua baina ya kubaki na kuiacha timu pungufu. Ushujaa wake ulitokana na upungufu wa sheria. Sheria hiyo ilipoanza kulegezwa katika miaka ya 60, na wachezaji wa akiba wakaruhusiwa, mashujaa waliendelea kusifiwa kana kwamba hapana kilichobadilika.

Baadaye Australia ilielekea upande wa pili kabisa. Mwaka 1991 makocha waliruhusiwa kubadilisha wachezaji wa akiba bila kikomo, mtu akitoka na kurudi kadiri walivyotaka. Matokeo yake hayakuwa mema yote. Majitu yaliingia yakiwa na nguvu mpya kila baada ya dakika chache, yakagonga kwa nguvu, yakapumzishwa, yakarudi. Mchezaji mdogo mwenye mbio na akili, ambaye zamani alingojea jitu lichoke ndipo alipite, sasa hakuona likichoka. Basi mwaka 2001 mabadiliko yakapunguzwa yakawa 12 kwa mechi, mwaka 2008 yakawa 10, na mwaka 2016 yakawa manane. Uingereza nayo iliyapunguza kutoka 10 hadi manane mwaka 2019.

Mwanafunzi ataniuliza: ikiwa uchovu ni hatari, mbona waliurudisha kwa makusudi? Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba walijifunza kutenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: mtu aliyechoka na mtu aliyeumia. Aliyechoka ni hesabu ya kocha. Amtoe au amwache kulingana na mabadiliko aliyobakiwa nayo. Aliyeumia kichwa si hesabu ya mtu yeyote. Mwaka 2014 ligi ya Australia iliweka utaratibu kwamba anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atolewe, apewe dakika 15 za kuchunguzwa, na nafasi yake ishikwe na mwingine kwa muda huo bila timu yake kutozwa badiliko. Hivyo kocha hana sababu ya kusema, "Nikimtoa nitapungukiwa." Mwaka 2019 watafiti wa Sydney walitangaza kuwa wamegundua, katika bongo za wachezaji wawili wa zamani waliofariki, ugonjwa wa kuharibika kwa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Mwaka 2023 ligi hiyo ikaamuru kwamba aliyethibitishwa kupata mtikisiko wa ubongo akae nje siku 11 kwa uchache, ila kwa ruhusa maalumu ya madaktari. Hao ni watu wazima, wenye madaktari kandokando ya uwanja na kamera kila upande. Seuze watoto wetu, ambao daktari wao ni chupa ya maji na mwalimu mmoja!

Sasa nilipe deni langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kijana wa kidato cha tatu, mchezaji wa mstari wa mbele, mpole darasani na simba uwanjani. Tulikuwa katika mechi ya kuamua nani angesonga mbele katika mashindano ya shule za upili, na tuliongoza kwa pointi mbili. Zikiwa zimebaki kama dakika 12, alikwenda kumwangusha mpinzani, na kichwa chake kikagonga nyonga. Alilala kidogo, akainuka, kisha akatembea kuelekea safu ya wapinzani wetu, akasimama kati yao kana kwamba ndio wenzake. Mchezaji wetu mmoja alimshika mkono akamrudisha. Mashabiki walicheka. Mwalimu mwenzangu, ambaye hakuwa hata mtu wa raga, aliniambia, "Mwalimu, mtoe huyo." Nilimjibu, "Dakika kumi tu."

Kwenye benchi palikuwa na kijana mwingine wa nafasi hiyo hiyo, amekwisha kuvua sweta. Sikumwingiza kwa kuwa sikumwamini, na sikumwamini kwa kuwa sikumfunza. Muhula mzima nilimtumia kubeba mipira na kujaza chupa. Safari zote za benchi hadi uwanjani alizozifanya zilikuwa za kupeleka maji.

Mgongano uliofuata, yule wa kwanza hakuinuka. Alitapika ndani ya basi, akalazwa hospitalini. Namshukuru Mungu kuwa alipona, lakini muhula uliosalia hakuweza kusoma ukurasa mmoja bila kichwa kumwanga, na mtihani wake wa mwisho aliufanya mwaka mmoja baada ya wenzake. Mama yake alikuja shuleni. Nilijiandaa kwa maneno makali, lakini aliniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, ulimwona alipogongwa mara ya kwanza?" Nikasema nilimwona. Hakuongeza neno. Aliinuka, akajifunga leso yake vizuri, akaenda zake. Mechi tuliishinda. Kombe hilo lingali katika kabati la shule, na sijawahi kulionyesha kwa mgeni.

Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba uamuzi wa kumtoa mchezaji haufanywi katika dakika ya 68. Hufanywa wiki nyingi kabla, mwalimu anapoamua nani afunzwe na nani abebe maji. Asiye na mtu wa kuingiza hatamtoa aliye ndani, hata macho yake yaone nini. Kwa hiyo nina mapendekezo matatu kwa walimu wenzangu.

Kwanza, wachezaji wa akiba wafunzwe sawasawa na wanaoanza, na wachezeshwe hata siku ambazo timu haijapata dhiki. Benchi lisiwe jela ya wasiopendwa. Mchezaji wa mbele azoee tangu awali kwamba kutoka baada ya dakika 40 kwa kazi iliyokamilika ni sehemu ya mchezo, na kwamba anayempokea ni mshirika wake, si mnyang'anyi.

Pili, kila timu iwe na mtu mzima mmoja asiye kocha, mwenye mamlaka ya kumtoa mwanafunzi aliyegongwa kichwa, na neno lake lisipingwe. Raga yetu ya wachezaji 15 nayo ina kanuni iliyo wazi: palipo na shaka ya mtikisiko wa ubongo, mchezaji atolewe mara moja na asirudi tena siku hiyo. Kanuni tunayo, tulichokosa ni mtu asiyekodolea macho ubao wa matokeo. Mwenzangu yule aliona kwa sababu hakuwa akihesabu pointi.

Tatu, tuyatazame maneno yetu. Tusiseme mchezaji "ameshindwa" anapotoka, wala tusimwite mwoga anayesema kichwa chamuuma. Mtoto akijua kuwa ukweli utamnyima heshima, atatuficha ukweli.

Nanyi wanafunzi, neno langu kwenu ni fupi. Mwenzako akisimama upande usio wake, usicheke. Mshike mkono umpeleke nje, hata kama mwalimu wako, kama mimi siku ile, anahesabu dakika. Mechi zitakuja nyingine muhula ujao. Kichwa ni hicho kimoja, na ndicho mtakachoingia nacho katika chumba cha mtihani.

Kijana yule sasa ni mtu mzima mwenye familia. Tulipokutana mwaka jana alinisalimu kwa heshima zote, akaniuliza hali ya timu. Nilimweleza kuwa siku hizi hubadilisha safu yote ya mbele kila mechi, tushinde tushindwe. Alitabasamu, akaniuliza habari za yule mwenzake aliyekuwa akibeba maji. Nikamjibu kwamba mwaka uliofuata ndiye aliyekuwa nahodha.